Majina ya Mlango wa Stoo

Katika kumbukumbu za mlango ule, siku ile binti yetu hakuingia kazini. Karatasi ilitolewa kwenye kompyuta ikaonyesha kadi zote zilizogusa ukuta tangu asubuhi, na yake haikuwamo. Yangu ilikuwamo. Iliingia, ikatoka, kama inavyotakiwa. Ukiisoma karatasi ile utasema mimi nilikuwa mfanyakazi mwema.

Nasema binti yetu kwa sababu alikuwa mtoto wa mdogo wangu tumbo moja, na kwetu mtoto wa mdogo wako ni wako. Aliniita mamkubwa. Majina ya watu wa siku ile ninayo yote. Ukiniuliza la fundi, la mlinzi, la dereva aliyetupeleka hospitali, nitakutajia na la baba yake. Hapa sitayaandika, maana wengine wako hai na wengine wana watoto. Nitaandika majina ya vitu. Vitu ndivyo vilivyokuwa kati yetu na yeye.

Shule niliishia darasa la pili, halafu nikasoma ngumbaru ukubwani, nikiwa na watoto wanne. Nasoma kwa kidole. Mtu wa namna hiyo huzoea kuweka mambo kichwani, kwa sababu akiyaweka kwenye karatasi hatayaona tena. Miaka ya tisini nilibangua korosho nyumbani kwa watu, kwa kijiti na jiwe, mafuta yakinila vidole hadi ngozi ikatoka kama ganda la kitunguu. Ghala la wakati ule lilikuwa na kufuli moja, na ufunguo ulikaa shingoni kwa mzee mmoja. Ukitaka kuingia unamtafuta mzee. Akiwa shambani Mtua, unasubiri.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, pembezoni mwa mji wa Nachingwea kikafunguliwa kiwanda kidogo cha korosho. Nikapata kazi ya usafi, na ya kupeleka stoo trei za korosho nyeupe, zilizokwisha kumenywa. Binti yetu nikamwingiza mimi. Alikuwa ameachika Ruangwa, amerudi kwa mama yake na mtoto mmoja mgongoni, na baadaye akaolewa tena na mwendesha baiskeli wa pale mjini. Alikuwa mfupi, mwepesi wa mikono, anaongea sana.

Korosho nyeupe ziliibwa mara mbili, ndipo wenye kiwanda wakaleta milango ya umeme. Fundi alitoka Dar na begi la waya, kijana mwembamba, akatukusanya barazani asubuhi moja: msimamizi, makarani wawili, mlinzi, na sisi wanawake wa stoo. Makarani waliandika. Mimi nilisikiliza.

"Hii ni kadi," alisema. "Hii hapa ukutani ni kisomaji. Kadi haifungui mlango, msijidanganye. Kadi inasema wewe ni nani tu. Kisomaji kinapeleka habari kwenye kontrola, lile boksi kule juu, na kontrola ndiyo inayotoa ruhusa."

"Kwa hiyo mwenye nyumba ni lile boksi," nikasema.

Akacheka. "Bi mkubwa, umenikamata. Kadi ni hodi. Boksi ndilo linalosema karibu, au linanyamaza."

Wenzangu wakaniangalia. Binti yetu akanifinya ubavuni, akanong'ona, "Mamkubwa, utaolewa Dar."

Fundi akaendelea. Ukutani kulikuwa na visomaji viwili, cha nje na cha ndani, ili kompyuta ijue nani kaingia na nani katoka. Hiyo aliiita kumbukumbu. Ndani kulikuwa na kitufe cha kijani cha kutokea, kwa mtu aliyesahau kadi. Nikauliza, "Na umeme ukikatika?" Jenereta ya mji ilikuwa ikilala zaidi kuliko inavyoamka, na ya kiwanda ilikuwa inazimwa kila kazi inapoisha. Hakuna mtu wa hapa ambaye asingeuliza.

"Sasa hilo ni swali la kifundi," akasema. "Mlango wa ofisi una sumaku. Sumaku inashika kwa umeme. Umeme ukiisha, inaachia, mlango unafunguka wenyewe. Mlango wa stoo una kitasa cha umeme. Ule ni kinyume. Umeme ukiisha, unabana. Kadi haifanyi kazi, kitufe hakifanyi kazi."

"Kwa nini ofisi iachie na stoo ibane?"

"Ofisini wanakaa watu. Stoo inakaa mali."

"Na sisi tunaoingia humo stoo?"

Hakucheka safari hiyo. Alisema ndiyo maana kila mlango una betri yake ndani ya kisanduku, itushikilie saa chache umeme ukikatika. Akanionyesha kitaa kidogo cha kijani chini ya kila kisanduku. Kikiwaka, betri nzima. Betri ya ofisi ikifa, alisema, hasara ni wizi. Betri ya stoo isife hata siku moja. Na mwisho kabisa upo ufunguo wa dharura, wa chuma, kama funguo zetu za zamani. Ule unafungua stoo hata dunia nzima ikiwa giza. Aliutundika ofisini, kwenye kijumba cha kioo.

Jambo la mwisho alilosema alilirudia mara tatu. "Kadi moja, mtu mmoja. Msiingie kwa mgongo wa mwenzio. Mkiingia wawili kwa kadi moja, kompyuta inahesabu mmoja. Mwingine hayupo. Mnanielewa? Hayupo."

Tukaitikia. Kesho yake tukaanza kuingia wanne wanne kwa kadi moja.

Sasa nieleze hili, maana baadaye watu wa nje walituona wajinga. Kwetu mkienda nyumbani kwa mtu, anayepiga hodi ni mmoja, mkubwa wenu. Akiitikiwa, wote mmeitikiwa. Hakuna anayesimama nje kupiga hodi yake ya pili, ataonekana ana ugomvi na wenzake. Na ukishaingia, kumrudishia mlango usoni anayekufuata ni kumwambia kwamba humtaki. Mtu anaweza kukaa na jambo hilo miaka. Hivyo mkubwa alitangulia, akagusa kadi, akauzuia mlango kwa nyonga, na wadogo wakapita chini ya mkono wake na trei zao kichwani. Mkubwa nilikuwa mimi. Kadi zao zilining'inia shingoni, safi, hazijaguswa.

Mlinzi alituona. Alikuwa Mmakonde, wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita, na kwa kuwa marehemu mume wangu alikuwa wa ukoo wao aliniita shemeji.

"Shemeji, fundi alisema mmoja mmoja."

"Fundi ana mama mkwe?"

"Sijui."

"Siku akimfungia mama mkwe wake mlango usoni, na mimi nitawafungia hawa."

Akacheka, akarudi kwenye benchi lake. Kila siku tulikuwa na maneno ya namna hiyo.

Wakati wa masika kitaa cha betri ya stoo kilizimika. Nilikiona mimi kwa kuwa ndiye niliyefuta vumbi kwenye kile kisanduku. Nikaenda kwa msimamizi, kijana msomi, si mtu mbaya, ana haraka tu.

"Betri ya stoo imekufa," nikamwambia. "Ile inayobana."

"Mama, nani kakwambia mambo ya kubana?"

"Fundi. Ulikuwepo."

"Nitaagiza. Wewe futa vumbi, betri niachie mimi."

Nikamkumbusha wiki iliyofuata, na nyingine. Alisema imeagizwa. Nikaona nikisema tena nitaonekana najifanya fundi. Nikafuta vumbi.

Ilikuwa Ijumaa, mvua zimeshakwisha, ufuta uko mashambani. Siku za Ijumaa kazi ilisimama mapema watu waende kuswali, na baada ya hapo jenereta huzimwa. Binti yetu alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na moshi wa kukaangia korosho ulikuwa unamgeuza tumbo. Stoo kulikuwa na ubaridi. Tulipoingia mara ya mwisho na trei, alitua ya kwake akasema, "Mamkubwa, nalala kidogo kule nyuma kwenye magunia. Kichwa kinazunguka."

"Lala," nikasema. "Tukitoka nitakuita."

Msimamizi akaniita kabla sijamaliza kupanga trei. Ofisini kulikuwa kumemwagika chai juu ya karatasi. Nikagusa kadi yangu kwenye kisomaji cha ndani, nikatoka mbio. Wenzangu wawili wakatoka kwa mgongo wangu. Nilipomaliza ile chai, nikaona uwanja mtupu, wanawake wameshaondoka, na nikajua, ndivyo nilivyojiambia, kwamba ameondoka nao. Nilikuwa nimesema nitamwita. Sikumwita.

Mimi nilipokuwa njiani kwenda nyumbani akafika mtu wa dawa. Hayo niliambiwa baadaye na mlinzi. Korosho zilikuwa zinafukizwa kwa vidonge vinavyotoa hewa ya sumu, wadudu wafe, na stoo hufungwa siku tatu. Mtu wa dawa akauliza, "Ndani yupo mtu?" Msimamizi akatazama kompyuta. Akasema, "Sifuri." Mtu wa dawa akavaa barakoa yake, akaingia hatua tano, akaweka vidonge chini ya turubai la mbele, akatoka. Wakaziba nyufa za mlango kwa karatasi za gundi. Msimamizi akazima jenereta, akafunga ofisi, akapanda pikipiki kwenda kwao Ruangwa na ufunguo wa jenereta mfukoni.

Nilipita kwa mdogo wangu. Mtoto wa binti yetu, aliyekuwa akishinda kwa bibi yake, alikuwa mlangoni anakula muhogo. Nikauliza mama yako yuko wapi. Mdogo wangu akajibu kutoka jikoni, "Si yuko na wewe?"

Niligeuka. Pamoja na umri wangu, niliukimbia mteremko wote wa kwenda kiwandani, kanga moja ikaanguka njiani sikuiokota.

Mlinzi alikuwa anatawadha. Nikamwambia fungua stoo, mtoto yumo. Akasema, "Shemeji, hamna mtu. Kompyuta imesema sifuri."

"Kompyuta haimjui. Aliingia kwa mgongo wangu."

Alisimama na kopo mkononi, maji yakimwagika. Halafu tukasikia. Mlango ule ulikuwa mnene, wa chuma, na ndani yake sauti ilikuwa kama ya mtu anayetwanga nyumba ya tatu.

Alimpigia msimamizi simu, haikupatikana. Akakimbilia jenereta, imefungwa. Akaleta nondo, akaipiga kwenye kitasa, ikateleza. Nami nilisimama pale nikihesabu majina kichwani, moja baada ya jingine, kama ninavyohesabu wajukuu kabla ya kulala. Kadi, haina umeme. Kitufe, hakina umeme. Betri ya stoo imekufa. Ufunguo wa dharura, uko ofisini. Ofisi imefungwa. Ofisi imefungwa na nini? Na sumaku. Sumaku inashika na nini? Na betri yake, ile nzima.

"Kata betri ya ofisi," nikasema.

"Niharibu mali?"

"Sumaku ikikosa umeme inaachia. Kile kisanduku pale juu. Vunja, vuta waya."

"Wakinifukuza?"

"Waambie nimevunja mimi."

Akapanda benchi lake, akakibandua kisanduku kwa panga, akavuta waya mwekundu. Mlango wa ofisi ukatoa sauti ndogo, kama mtu anayeachia pumzi, ukasogea wenyewe. Nikavunja kile kioo kwa kiwiko. Ufunguo ulikuwa pale, una kutu kidogo.

Alitoka anatembea kwa miguu yake. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Kucha mbili hazipo, macho mekundu, nguo inanuka kama vitunguu saumu vilivyooza, lakini anatembea. Akakaa chini kivulini, akaomba maji. Nikamwosha uso. Akasema, "Mamkubwa, nilikuita wewe tu. Sikuita mwingine." Halafu akaliona kopo la mlinzi, akatabasamu, akamwambia kama ninavyomwita mimi, "Shemeji, umechelewa sana kumaliza kutawadha." Mlinzi akalia. Tukasema Mungu mkubwa. Watu wakaja, mumewe akaja, mdogo wangu akaja, akamkumbatia, akanikumbatia na mimi.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la kubebea mizigo. Jioni alikuwa anaongea. Daktari alisema wazi kwamba sumu ile haina dawa yake ya kuiondoa, wanachoweza ni kuusaidia mwili. Walijitahidi, siwalaumu. Jumamosi mimba ikatoka. Jumapili asubuhi moyo ukaanza kuruka, na kabla jua halijapanda aliondoka, mkono wake ukiwa kwa mama yake.

Wiki iliyofuata tukaitwa ofisini, mimi, mlinzi na mdogo wangu. Alikuwepo msimamizi, amekonda kwa siku chache zile, na bwana mmoja aliyetumwa na wenye kiwanda. Bwana yule alisoma karatasi ya kumbukumbu, akasema kwa upole kwamba marehemu aliingia stoo bila ruhusa. Kadi yake haikusomwa. Mtu aliyeingia bila ruhusa, alisema, amejiingiza mwenyewe.

Mdogo wangu alinitazama. Hakuelewa maneno yale, lakini alielewa kwamba mwanae anageuzwa mwizi.

"Ruhusa alipewa," nikasema. "Kontrola ilitoa ruhusa kwa kadi yangu, na mimi niliuzuia mlango, akapita. Aliingia kwa mgongo wangu na trei ya korosho zenu kichwani. Andika hivyo."

"Mama, ukisema hivyo kosa linakuwa lako."

"Ni langu. Na andika kwamba kitasa cha stoo kinabana umeme ukikatika. Andika kwamba betri yake ilikufa tangu masika, na nilisema mara tatu. Andika kwamba kitufe bila betri ni kipande cha plastiki ukutani."

Aliacha kuandika. "Nani kakufundisha maneno haya?"

"Fundi wenu. Barazani pale. Huyu alikuwepo," nikamwonyesha msimamizi. Msimamizi alikuwa anatazama meza.

Bwana yule akasema mambo ya betri hayahusiani na nani aliingia. Tukabishana mpaka adhuhuri. Mwishoni aliandika kwamba marehemu aliingia pamoja na mwenye kadi, akiwa kazini. La betri alisema litaandikwa mahali pengine. Sijui kama liliandikwa. Nikasaini jina langu herufi kwa herufi, nikiisogeza kalamu polepole, na siku hiyo hiyo nikarudisha kadi. Mlinzi naye aliondolewa kwa ajili ya kile kisanduku. Nilisema nilivunja mimi, kama nilivyomwahidi. Hawakuamini kwamba mwanamke wa umri wangu anaweza kupanda benchi.

Tulirudi nyumbani na mdogo wangu. Alikaa kwenye mkeka, akavuta mchanga mbele yake.

"Nionyeshe," akasema.

Nikachora kwa kidole. Mlango. Kisomaji cha nje, kisomaji cha ndani. Boksi. Betri. Kitufe. Alinifanya nilitaje kila jina, naye akalirudia, hadi akayashika. Hajawahi kwenda shule kabisa, lakini tulizaliwa na kichwa kimoja.

"Hiki kitufe, kilikuwa kimo gani?"

Nikamwonyesha kwenye bega langu.

"Alikuwa mfupi."

"Alikifikia," nikasema. "Kilikutwa kimezama ukutani, hakikurudi."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa jambo la kawaida. Halafu akauliza, bila kunitazama, "Dada, ulisema utamwita?"

Mlinzi hakulijua hilo. Hakuna karatasi iliyolijua. Ningeweza kusema hapana, na yale magunia na maneno yale ya mwisho ya stoo yangebaki kwangu peke yangu.

"Nilisema," nikajibu.

Akaufuta ule mchoro kwa kiganja, taratibu, akianzia kwenye boksi. Akasimama, akamchukua mjukuu wake, akaingia ndani. Mwezi ule ule mdogo wangu na mtoto walihamia Ruponda kwa shangazi wa marehemu baba wa binti yetu, huko kwenye mashamba.

Miaka miwili hatukuonana. Mwaka wa tatu, mvua za kwanza zilipoanza, akamtuma mtu aje kuniambia kwamba ana ekari moja na nusu ya ufuta na hana mkono wa pili. Nilikwenda na jembe langu. Tulipanda siku nne, yeye mstari wake na mimi wangu, mtoto akitufuata na mbegu kwenye kibuyu. Alinipikia, akanitandikia mahali pa kulala. Aliniita dada, kama zamani. Jina la binti yake halikutajwa siku zile nne, na sikulitaja mimi.